Laini za Ghorofa ya Tatu

4 Februari

Mume wangu,

Nimefika salama. Kiti kilikuwa kibovu na njia ilikuwa mbovu zaidi, lakini mizigo yote imefika, hata ile sufuria uliyonilazimisha kubeba.

Hospitali yenyewe ni kubwa kuliko walivyotuambia. Ghorofa nne, na harufu ya rangi mbichi kila pembe, mpaka chai ina ladha ya rangi. Wagonjwa wako jengo la zamani, ng'ambo ya ua. Sisi tukimaliza hili jipya ndipo watakapohamia. Waliotutangulia walivuta nyaya za simu ndani ya kuta wakaziacha zikining'inia kwenye kila tundu kama utumbo wa kuku. Kazi yetu ni kuzimalizia: upande mmoja kwenye soketi ya chumba, upande wa pili kwenye bodi kubwa kule chini, ili daktari akiinua simu asikie mlio. Msimamizi anasema tutamaliza katikati ya mwaka. Mafundi wenzangu wanasema msimamizi huwa anasema hivyo.

Nimepewa kitanda kwenye nyumba za zamani za wauguzi. Chumba ni changu na fundi mmoja wanayemwita Koleo. Nasikia jina hilo lilitokana na vidole vyake: akibana kitu hakitoki. Hasemi sana. Tunaelewana.

Uliniuliza pale stendi kwa nini nisiwe nakupigia kwenye simu ya duka la jirani yako, maana fundi wa simu asiyepiga simu ni kichekesho. Kwenye simu mtu lazima aseme kitu. Kwenye barua naweza kunyamaza katikati ya mstari na wewe usijue.

Kula vizuri.

Mkeo,
Fundi


16 Februari

Fundi wangu,

Barua yako imefika ikiwa na alama ya chai, sijui ni yako au ya mtu wa posta. Kama ni ya posta, basi wameisoma na wamejua kwamba mke wangu ananiandikia kama anayeandika ripoti ya mkandarasi. Hata "nimekukumbuka" moja ya kuongopa! Lakini sawa. Nimeisoma mbele ya wateja, nikaongeza ya kwangu, wakafurahi.

Kinyozini hatujambo. Mzee wa kiduku (unamkumbuka, yule mstaafu mwenye nywele upande mmoja tu) amekuja tena kutaka nimgawie nywele za kushoto zifike kulia. Nimemwambia mzee, mimi ni kinyozi, si mpima viwanja. Kioo kikubwa kimepata ufa, lakini ukikaa kiti cha pili huuoni. Wateja ni wengi, namshukuru Mungu, wakati mwingine nachelewa kurudi nyumbani, lakini usijali, nakula.

Kile chumba kidogo nimekifunga kwa kufuli. Panya walikuwa wanaingia.

Kaka yako alipita Jumapili. Tulikaa barazani, tukaongea habari za mpira. Amekusalimu sana.

Nieleze hiyo kazi yako vizuri, maana watu wananiuliza nami nabaki kusema "nyaya, nyaya". Na huyo Koleo ni nani? Ametoka wapi? Una chumba kimoja naye, halafu umemwandikia mistari mitatu tu!

Wako wa wembe na maneno mengi,
Kinyozi


2 Machi

Mume wangu,

Umeuliza kazi ikoje.

Unamenya ganda la nje la waya mzito kwa kisu, kidogo tu, maana ukizidisha unajeruhi za ndani. Ndani kuna nyaya nyembamba zimesokotwa mbilimbili: nyeupe na ya buluu, nyeupe na ya chungwa, nyeupe na ya kijani, nyeupe na ya kahawia. Kila jozi ni simu moja. Huruhusiwi kuufungua ule msokoto ila pale mwisho kabisa. Ukiufungua mrefu kwa uvivu, jozi za jirani zinaingiliana, na mtu anayempigia mkewe atasikia daktari akiagiza damu.

Kisha unalaza waya kwenye mfereji wake mwembamba, unaweka panchi juu yake. Panchi ni chuma kama bisibisi nene, kina springi ndani. Unakisukuma kwa kiganja mpaka springi iachie. Ta! Waya umezama, na ncha ya ziada imekatika, imeanguka sakafuni. Unachukua mwingine. Ta. Ukimaliza chumba unabana simu ya kupimia na kusikiliza. Kama kuna mlio unaandika namba ya chumba na unahamia cha pili. Sakafu inabaki na vipande vya rangi kama mtu amekata nywele za wanasesere. Kazi yako na yangu zinafanana hapo tu, kwenye kufagia.

Naipenda kwa sababu hainihitaji. Mikono inaenda yenyewe. Mimi nakuwa pembeni, sijui wapi.

Jioni mkono wa kulia unachoka. Koleo anachemsha maji, anaukanda kwa kitambaa cha moto na mafuta mpaka nasinzia. Usingizi wangu huku ni mzuri kuliko wa nyumbani. Koleo ametoka mbali, amefanya kazi ya nyaya tangu zile za kupanda nguzoni. Anakoroma. Sina zaidi.

Umesema panya walikuwa wanaingia chumba kidogo. Walikuwa wanakula nini mle?

Mkeo,
Fundi


14 Machi

Mke wangu,

Nilianza barua hii mara nyingi nikaichana. Sasa naiandika bila kuinua kalamu.

Jana fundi baiskeli wa pembeni alikuja kunyolewa ndevu. Akaniuliza, "Shemeji hajambo huko aliko?"

"Hajambo."

"Anakaa na nani?"

"Na fundi mwenzake."

"Wa kike?"

Nilikuwa na wembe shingoni kwake. Mkono ukasimama. Wote kwenye benchi wakaacha kusoma magazeti, hata wale wasiojua kusoma. Nikasema, "Ndiyo, wa kike," nikaendelea kunyoa. Lakini aliona. Kinyozi akisita, mteja anajua kuliko mtu yeyote.

Basi nakuuliza wewe. Koleo ni mwanaume? Fundi wa nyaya, aliyepanda nguzo, mwenye vidole vya chuma, anayekoroma. Anakukanda mkono mpaka unasinzia. Hapa nyumbani nikikugusa bega ulikuwa unatazama mkono wangu kama kitu kilichosahauliwa hapo. Nikajiambia ni uchungu, utapita. Sasa nasikia huko unalala vizuri.

Sikutukani. Naomba neno moja tu. Ndiyo au hapana. Ukiandika ndiyo, nitajua la kufanya. Ukiandika hapana, nitakuamini na kumnyoa yule wa baiskeli kipara kwa makosa.

Mumeo


28 Machi

Mume wangu,

Barua yako nimeipata. Nimeisoma, nikaiweka chini ya mto.

Najua ilipaswa kuniudhi. Nililala chali nikisubiri niudhike. Nikaamka asubuhi.

Kuhusu Koleo sina la kukuambia. Fikiri unavyofikiri.

Tumemaliza ghorofa ya pili. Kesho tunapanda ya tatu. Msimamizi ametuonyesha mchoro: ofisi ya daktari, chumba cha wauguzi, wodi ndefu, na vyumba vya kujifungulia upande wa dirisha. Kila chumba cha kujifungulia kina simu moja, ukutani, karibu na mlango, ili mtu akikimbia aifikie. Kazi ni ileile.

Hujanijibu habari ya panya.

Fundi


9 Aprili

Kwako Bwana Koleo,

Hunijui. Mimi ni kinyozi, na mwanamke unayelala naye chumba kimoja ni mke wangu wa ndoa. Anwani yako ni ileile ya kwake, kwa hiyo hii itakufikia. Nimeandika jina lako kwa herufi kubwa ili asiifungue yeye.

Sitaki ugomvi. Nimeshika wembe miaka yote hii bila kumkata mtu koo, na sina nia ya kuanza. Nimeuliza kwa upole nyumbani kwangu, yaani mke wangu, kwenye barua, nikajibiwa "fikiri unavyofikiri". Sasa nimefikiri vya kutosha. Kichwa kimejaa. Nimemnyoa mteja sikio moja likabaki na nywele.

Huenda hakukuambia, kwa hiyo nakuambia mimi. Mwaka jana tulipata mtoto, na mtoto hakukaa. Alizaliwa akiwa ameshaondoka. Yeye mwenyewe alikuwa nusu ya kufa, damu ilimtoka sana, hakujitambua mpaka siku ya pili. Tangu hapo sijamwona akilia wala kucheka. Anaosha vyombo, anajibu salamu, analala uso ukutani. Nilipomwambia kuna kazi imetangazwa mbali, nilidhani atakataa. Alifunga mizigo jioni ileile.

Kwa hiyo, bwana, naomba uniambie kama mwanaume kwa mwanaume. Kama kuna kitu kati yenu, sema. Na kama kwako anacheka, nakuomba uniambie anachekea nini. Hilo tu nalitaka kulijua kuliko yote.

Mimi,
Kinyozi, mume wa Fundi


21 Aprili

Mwanangu Kinyozi,

Mimi si bwana. Mimi ni bibi wa wajukuu, mjane, na meno niliyobaki nayo nayatumia kwa uangalifu. Nimecheka barua yako mpaka mafundi wamepanda ngazi kuja kuona kuna nini. Mume wangu marehemu angekuwepo angekutafuta ili akuone ulivyo. Kisha nikafika ule mstari wa mwisho, nikaacha kucheka.

Mkeo hacheki huku pia. Tumalizane na hilo.

Mimi kuandika sipendi, kwa hiyo nisikilize mara moja. Wiki iliyopita tulikuwa chumba cha kujifungulia cha mwisho. Nikamwona anamenya waya mzito kwa mkono wa kushoto. Nikashangaa, maana yeye si mtu wa kushoto. Kabla sijauliza, kisu kikateleza kikaingia kiganja cha kulia, chini ya kidole gumba. Hakusema hata "aa". Aliweka kisu chini, akachukua panchi, akaendelea. Mimi niliona zile nyaya nyeupe zimekuwa nyekundu.

Nikapiga kelele, "Wee! Damu!"

Akautazama mkono kama wa mtu mwingine. "Mbona hauumi?" akaniuliza. Ananiuliza mimi, mkono ni wake!

Mkono ule umekufa ganzi. Ni hiki chuma, ukikisukuma kutwa kwa kiganja kimoja miezi mfululizo, mishipa inachoka, nimeona wengine. Alikuwa anajua. Alikuwa ananiambia umechoka tu, nami mjinga nikaukanda kwa maji ya moto. Amekuwa akificha ili msimamizi asimrudishe nyumbani. Kwako, mwanangu. Alikuwa anakwepa kurudishwa kwako.

Usinune. Soma mpaka mwisho.

Nilimpeleka jengo la zamani akashonwe. Tulikaa kwenye benchi la nje, watu ni wengi, kitambaa nilichomfunga kimelowa damu. Akaniuliza, bila kunitazama, "Mama, hawa wanaozaliwa wameshaondoka, huwa wanaangaliwa kama ni wa kiume au wa kike?"

Nikasema, "Lazima waangaliwe. Mbona unauliza?"

Akasema, "Mimi sijaambiwa. Nilipozinduka walisema mtoto hakukaa, pole. Nyumbani kila mtu akasema mtoto, mtoto, mtoto. Mume wangu na kaka yangu ndio waliokwenda kuzika. Nilisubiri aniambie. Anaongea na kila mtu, huyo, anaongea na vioo. Hilo hakuliongea. Nikasema labda hata hakutazama. Nikaogopa kuuliza nisije nikajua kwamba hakutazama."

Kisha wakamwita jina, akaenda kushonwa. Walimchoma sindano ya ganzi mkono ambao tayari una ganzi. Tangu siku hiyo hajalirudia.

Sasa wewe umenunua stempu, umeandika kwa herufi kubwa, umetaka kujua kama mimi Koleo ni mwanaume au mwanamke. Umejibiwa. Na yeye hana wa kumjibu?

Usimwandikie pole. Za pole amepewa gunia. Mwandikie ulichokiona. Na kama hukutazama, mwandikie hukutazama, ajue moja.

Kuhusu barua yako kwangu, sijamwonyesha. Nimeichoma, maana kama wale vijana wa mafundi wangeiona nisingepumua mpaka nistaafu.

Koleo


3 Mei

Fundi wangu,

Ni wa kike.

Nimeanza na hilo kabla ya salamu. Ni wa kike, na nilimtazama.

Koleo ameniandikia kuwa hukuambiwa; mimi nilidhani unajua. Nilipofika asubuhi ile uliyozinduka, yule muuguzi mnene alikuwa anatoka chumbani kwako, nikamuuliza, "Ameambiwa?" akasema, "Ameambiwa." Nikajua umeambiwa yote. Uliponitazama na kugeukia ukuta, nikasema basi, hataki kusikia kitu kutoka kwangu, na nisimlazimishe. Nikawa naongea mengine. Unajua mimi nikiogopa naongea. Mtu asiyenijua anadhani nina furaha.

Siku aliyozaliwa walimleta kwenye shuka nyeupe ya hospitali. Kaka yako alikuwa amesimama mlangoni, hakuweza kuingia. Muuguzi akaniuliza kama nataka kumwona au amfunike tu. Nikasema nataka. Nikaomba kiti, nikakaa naye mapajani.

Mimi ni kinyozi, nitakuambia ninachokijua. Alikuwa na nywele nyingi, Fundi. Watoto wengi wanakuja na vishungi vichache, yeye alikuwa nazo kichwa kizima, laini, zimelala mbele mpaka karibu na nyusi. Nilimgeuza kidogo nikaona kisogoni. Kwenye vichwa vingi ninavyovinyoa nywele zinazungukia kulia, pale juu. Zake zilizungukia kushoto, kama zako. Niliweka kidole pale. Ngozi ilikuwa bado na joto, ya kwake au ya shuka, sijui.

Pua ilikuwa ya kwetu, samahani. Midomo yako. Vidole virefu, na kidole gumba amekikunja ndani ya ngumi, mikono yote miwili. Kucha alikuwa nazo tayari. Hakuwa na jeraha popote. Alikuwa kama mtu aliyesikia kitu anachotaka kukisikiliza vizuri. Nilikaa naye mpaka muuguzi aliporudi mara ya pili.

Makaburini mlinzi alitutengea sehemu karibu na uzio, hatua chache kutoka bombani. Shimo dogo, halikuchukua muda. Kisha akatoa kibao na brashi, akaniuliza, "Niandike jina gani?"

Nikamwambia bado hatujampa.

"Basi niache wazi?"

Kaka yako akaniangalia. Mimi nikasema, "Usiache wazi. Andika Binti wa Fundi."

"Fundi wa nini?"

"Wa simu."

"Wewe ni fundi wa simu?"

"Si mimi," nikasema. "Mama yake."

Mlinzi akaandika hivyo, Binti wa Fundi wa Simu, kwa rangi nyeusi. Herufi za mwisho zimebanana kwa sababu hakupima. Kipo mpaka leo. Mvua za mwaka huu zimekifubaza kidogo lakini kinasomeka. Huwa naenda Jumatatu, siku ninayofunga kinyozi. Sijakuambia kwa sababu nilidhani ungeona naenda kukutonesha kidonda.

Umeniuliza mara mbili panya walikuwa wanakula nini chumba kidogo. Hakukuwa na panya. Nilikifunga kwa sababu kila nikipita naona kile kitanda cha mtoto. Kisha nikaona hata mlango wenye kufuli unaniangalia. Nalala kinyozini, kwenye benchi la wateja, tangu ulipoondoka. Mzee wa kiduku alinikuta asubuhi moja, akadhani nimefungua mapema kwa ajili yake.

Kuhusu Koleo umwambie nimeaibika kiasi kinachotosha watu wawili. Usimuulize kwa nini, akitaka atasema.

Mkono wako vipi? Niandikie kweli.

Mumeo,
Kinyozi


15 Mei

Mume wangu,

Mwandiko huu mbaya ni wa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa kwenye ubao. Nyuzi zimetolewa, kidonda kimekauka vizuri, lakini daktari anasema ganzi itachukua muda wake na nisishike panchi. Vidole viwili vya mwisho vinahisi maji ya moto. Vile vingine bado.

Barua yako niliisoma ghorofa ya tatu, nimekaa juu ya ndoo ya rangi iliyogeuzwa. Koleo alikuwa amepiga magoti anafunga kifuniko cha soketi. Aliacha kufunga akanitazama. Nadhani alisubiri nilie. Mimi pia nilisubiri.

Nikamwambia, "Ni wa kike."

Akasema, "Eh."

Kisha akaniambia nimshikie tochi, nikamshikia.

Sikulia, na mpaka leo sijalia. Nakuambia ili usije ukatarajia mtu mwingine ashuke kwenye basi. Ila naisoma ile sehemu ya kisogo. Nafika pale ulipoweka kidole, narudi juu naanza tena. Niliweka kidole kwenye kisogo changu mwenyewe, cha mkono wa kushoto, maana wa kulia ungenidanganya.

Jana muuguzi mkuu alikuja kukagua simu za ghorofa yake. Tulienda naye chumba hadi chumba. Mimi naiinua, nasikiliza mlio, nampa asikilize, anatia tiki. Kwenye chumba cha mwisho cha kujifungulia alisimama kunyoosha mgongo, akaniuliza kama watu wanavyouliza tu, "Na wewe una watoto wangapi?"

Kila anayeniuliza huwa namwambia sina. Inamaliza maneno.

Nikasema, "Nina binti mmoja. Amefariki."

Hakuniambia nitapata mwingine. Aliirudisha simu ukutani taratibu, akauliza, "Alikuwa anaitwa nani?"

Hujawahi kuniuliza, nami sikuwahi kukuambia, kwamba nilikuwa nimeshachagua jina. Nililiweka tumboni pamoja naye, nikisema utalisikia siku atakapozaliwa. Basi nilimtajia yule muuguzi. Ni mara ya kwanza nalisema kwa sauti. Lilitoka kama jina la mtu yeyote, mtu unayeweza kumwita aje ale. Muuguzi akalirudia ili asikosee. Akasema ni zuri. Akatia tiki kwenye simu ile, tukatoka.

Usikasirike kwamba mgeni amelisikia kabla yako. Sitaliandika hapa. Nitakuambia pale kwenye kibao, nawe utamwambia mlinzi, na safari hii apime kwanza.

Msimamizi amenipa ruhusa mpaka mkono upone. Koleo anabaki na ghorofa ya nne. Anasema atanikosa kwa sababu nilikuwa silalamikii kukoroma. Amekataa kuniambia uliaibikia nini, lakini kila akikumbuka anashika mbavu. Amekutumia salamu, "Bwana Kinyozi", amesema niandike hivyohivyo.

Nitashuka stendi Jumatatu asubuhi. Njoo peke yako, kaka nitamwona baadaye. Usinipeleke nyumbani kwanza. Chumba kidogo tutakifungua tukiwa wawili, na kama hatutaweza siku hiyo, benchi la kinyozi nadhani linatosha watu wawili wakilala ubavu.

Nasikia mvua zimenyesha huko. Kama nyasi zimeota pale karibu na uzio, usizing'oe. Niachie mimi.

Mkeo,
mama yake